Mateke ya Usingizini

...na mume bado anaeleza, mikono inapiga hewa kumwonyesha daktari jinsi mkewe anavyorusha mateke usingizini, utadhani miguu ni yake, na daktari anaitikia, ndiyo, ndiyo, inaelekea ni kifafa, mama aanze dawa leo, na kreni asiiendeshe tena, mama hivi, mama vile, na mama mwenyewe kaketi hapahapa kama gunia la saruji, hakuna aliyemuuliza neno... kifafa, haya, nani akijue kama si yeye, aliyelala kitanda kimoja na marehemu mdogo wake, yule kilipomshika macho yalipinduka, mwili ukakauka kama ubao kisha ukatetemeka wote, ukimwita hasikii, akizinduka ulimi una jeraha wala hakumbuki kitu, na mama yao akisema huu ni ugonjwa kama mwingine, atakayemcheka mwanangu atanitambua... kwa hiyo si aibu, hapana, kingekuwa kifafa angemeza dawa mchana kweupe, lakini hii miguu humuanza hata hajalala, kama siafu wameingia mifupani, akiinuka akatembea inatulia, akijilaza inaanza upya, na akishasinzia, mume hulalamika, "Mama Pacha, unaniumiza!" naye hujibu papo hapo, samahani baba, sogea ukutani, sasa mwenye kifafa hujibizana?... "Hata wifi yake ameona," mume anasema, wifi! aliyelala kwao mara moja tu, kulipokucha mtaa mzima unajua... na kule juu kwenye kreni, wanaume wazima husubiri mkono wake ndipo wathubutu kusogea, hajawahi kuangusha hata tofali, ateremshwe kwa maneno ya wifi?... ingawa, ngoja, na kama anajidanganya, muuguzi pale nje alimwambia vipo vifafa vya usingizini tu, vinafanana na haya mpaka madaktari wenyewe wanachanganyikiwa, ndiyo maana kuna kipimo, unalazwa na nyaya kichwani na miguuni, kamera inakutazama mpaka asubuhi... basi kamera iseme, mpaka hapo atakaa chini, kreni haipandi, sawa, hatacheza na roho za watu, na ikisema kifafa atakipokea kama mgeni mwenye jina, lakini jina la kubandikwa, kwa mikono ya mume inayopiga hewa, halipokei ng'o, na ile hofu aliyoingia nayo mlangoni, mbona haioni tena, kuna joto tu kifuani... "Anarusha hivi, daktari, hivi," mume hajachoka, daktari anaitikia, ndiyo, ndiyo, na yeye anavuta kiti mpaka magoti yanagonga meza, "Daktari, aliyelala ni mimi. Niulize mimi."