Mita Mia Nne, Nusu Yake Hotelini

Saa tatu asubuhi Mjomba alikuwa anaopoa majani kwenye bwawa la hoteli kwa wavu wake wa mpini mrefu, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Dawa ya maji alishatia. Ndani alikuwepo mgeni mmoja tu, mama mwenye kofia ya maua, anaelea zake chali hana habari na mtu. Pale baa televisheni ilikuwa wazi, na dada wa baa anafuta glasi, macho yapo kwenye mashindano ya dunia ya kuogelea, maana mpwa wake Mjomba alikuwa anaingia majini siku hiyo: mita mia nne mtindo huru, wanaume, mstari wa nane.

Huyo mpwa walimwita Kambale. Kazi yake kufua mataulo ya hoteli hiyo hiyo, na kuogelea alifundishwa na Mjomba alfajiri, wageni wamelala. Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi: Mjomba anatembea ukingoni, ncha ya mpini iko juu ya maji, na Kambale anaifuata ncha. Basi. Kijana alikuwa na nguvu za kutisha ila breki hana. Ukimwacha peke yake anachomoka kama kaungua, mita mia mbili kaisha, anabaki kupigapiga maji. Miguu ya Mjomba ndiyo ilimshika, kwa sababu ilikuwa na mwendo mmoja, hauzidi haupungui.

Siku ya safari, kwenye kiti cha kocha alikaa mkwe wa mwenyekiti wa chama cha kuogelea, bwana mmoja muuza mapazia, maji anayoyajua ni ya kuoga. Mjomba akaambiwa atakwenda safari nyingine. Akajibu, "Haya."

Na jambo halikuwa la mchezo. Kambale akimaliza chini ya dakika nne na sekunde kumi, anapewa nafasi kwenye kituo cha mafunzo ng'ambo, miaka miwili. Asipofika hapo, anarudi kwenye mataulo.

"Wametoka!" akapiga kelele dada wa baa. "Mjomba, huyo yuko mbele ya wote!"

Mjomba akaguna. "Kashaanza ujinga wake."

Kambale akafika ukutani kule, akapinduka, akajisukuma kwa miguu, akatokea kwenye bwawa la hoteli, upande wa kina kirefu, baina ya kigae na kigae, kavaa kofia yake ya namba nane na povu jingi nyuma.

Mjomba alikung'uta jani lililobaki kwenye wavu, akaushusha mbele ya kichwa cha Kambale, akaanza kutembea.

"Samahani mama, sogea kushoto kidogo," akamwambia yule mgeni. "Kuna mtu ana mashindano."

Mama akasogea.

Bwawa la kule lilikuwa mita hamsini, la hoteli ishirini na tano, kwa hiyo Kambale alikwenda akarudi, kisha akaingia ukutani pale pale alipotokea. Dada wa baa akasema kaonekana tena kule, na mtangazaji anaomba radhi kwamba picha ya mstari wa nane ilikatika. Ikawa hivyo: kwenda anaogelea kule, kurudi anarudia hotelini.

Mara ya pili alimkuta meneja kasimama.

"Huyu karuhusiwa na nani? Wafanyakazi hawaogelei humu."

"Yuko likizo, bosi."

"Basi ni mtu wa nje! Mtu wa nje anavaa mkanda wa mgeni mkononi. Hebu simama nikuambie."

"Siwezi bosi. Nikisimama, na yeye anasimama."

Ikabidi meneja atembee naye, viatu vya ngozi vinaingia maji, wakafika mwisho, wakageuka.

"Na kwa nini anaingilia ukutani? Wageni wanatumia ngazi."

"Nitamwambia."

Mara ya tatu meneja alitembea naye tena.

"Dakika tatu, sekunde thelathini na tisa!" dada wa baa akaita. "Bado hamsini!"

Kambale akatokea, mdomo umeenda upande, mikono imekuwa mizito. Mjomba akamtazama, akaona mwendo ule wa siku zote leo hautoshi. Akauongeza. Miaka yote ile hakuwahi. Magoti yalimlalamikia na yeye akayaacha yalalamike, na meneja nyuma yake anatweta. Kambale akaifuata ncha.

"Sasa anagusa wapi?" meneja akauliza. "Sisi hatuna kile kibao cha kusimamisha saa!"

Kambale akanyoosha mkono. Ukaingia kwenye vigae hadi begani, sehemu nyingine ya mwili ikabaki hotelini.

"Mkono umegusa!" dada wa baa akaruka. "Dakika nne, sekunde tisa!"

"Wa ngapi?" akauliza meneja.

"Wa saba, bosi."

"Kati ya wanane?"

"Ndiyo."

Meneja akatikisa kichwa, lakini hakuondoka.

"Mjomba, nimechoka," akasema Kambale.

"Pole mjomba. Haya nenda, wanakungoja kule."

Kule waamuzi walifungua kitabu cha sheria. Kinataka muogeleaji aguse ukuta wa mstari wake, na mkono uligusa. Muda wake ukakubaliwa.

Jioni mkwe wa mwenyekiti alionekana kwenye televisheni kavaa suti ya michezo, anaeleza alivyomfundisha kijana kutunza nguvu. Mwenyekiti akatangaza Kambale anakwenda kituoni pamoja na kocha wake, na kocha alishaanza kufunga mizigo. Mjomba yeye aliandikishwa barua ya kujieleza. Aliandika mstari mmoja, dada wa baa akimsaidia herufi: "Alikuwa anapita tu." Meneja akaipiga muhuri, akaiweka kwenye faili.

Huko kituoni ni nchi ya baridi. Wageni wa asubuhi wakawa wanasema maji ya upande wa kina kirefu yanauma meno, na Mjomba, akiopoa majani, huopoa na vipande viwili vitatu vya barafu. Wakubwa wa kituo sasa wanataka dakika nne kamili. Mjomba aliposikia hivyo, alikwenda akanunua kandambili mpya.