Taa ya Gari na Koo la Mama

Mama alikuwa amelala ubavu kwenye meza ya uchunguzi, na Dorcas hakuhisi kitu. Yeye ndiye fundi mpya wa karakana ya hospitali, katoka chuo juzi juzi, na wiki nzima mama yake hamezi hata mate. Mama anasema ni mwiba wa mapanki, yale mabaki ya sangara tunayoachiwa minofu ikishapanda ndege. Mapanki yenyewe aliyanunua Dorcas, sokoni Mkuyuni. Majirani wakampa mama tonge kavu la ugali lisukume mwiba. Tonge likarudi.

"Sioni kitu," alisema Daktari Chenge, jicho kwenye mpira wa kuangalizia tumbo. "Humu giza kama ghala la pamba."

Balbu ya mashine iliungua, ya Ulaya haikupatikana, wakachomeka ya gari. Inawaka sana tu. Ila mwanga unamwagikia pembeni, hauingii kwenye nyuzi za kioo zinazoupeleka mpaka ncha ya mpira.

"Utoe mpira kwanza, daktari," Dorcas alisema.

Akafungua kifuniko cha mashine, akaweka karatasi pale nyuzi zinapoanzia. Doa la mwanga lilikuwa pana kama chapati. Akasogeza balbu mbele, likazidi kupanuka. Akairudisha nyuma, akaiinua kwa kipande cha bati la kopo, doa likajikusanya mpaka likawa kama punje ya hindi. Akafuta mdomo wa nyuzi kwa spiriti, akachomeka mpira. Ncha ya pili ikawaka nyeupe juu ya shuka.

"Kumbe chuoni mnasoma," nesi Roza akamtania. "Tulidhani mnafuata wachumba."

"Wachumba walikuwepo pia," Dorcas alijibu, sauti haina chochote.

Mama akaumeza mpira tena, machozi yakimtoka. Chenge aliangalia, kisha akampisha Dorcas achungulie.

Kila kitu kilionekana. Mwiba hakuna. Kulikuwa na nyama imeota kooni kama uyoga kwenye gogo, inavuja damu, imebakiza kitundu tu. Nyama ya siku nyingi.

Mpira ulipotoka, mama akamshika mkono. "Umeuona mwiba wako, mayu, mwanangu?"

"Haupo, mama."

"Basi samaki wako hana kosa." Mama akacheka kidogo, akaanza kutafuta kandambili kwa miguu. "Twende nyumbani."

Wiki nzima Dorcas alikuwa anayangoja maneno hayo, kwamba samaki hana kosa. Yakampita tu.

"Kaa kwanza, mama," alisema, akamvutia daktari kiti aseme alichokiona.