Saa za Mezani

Saa tatu na robo asubuhi ya Jumatano, Kapteni Munira alirejea kutoka Tabora, akaiegesha ndege ya kampuni, kisha akaketi katika ofisi ya Ihumwa kuanza kazi zake nyingine: ratiba za safari, maombi ya mafuta na barua za vibali vya kutua. Alipofungua jalada la tatu, meza iliinuka kutoka sakafuni pamoja na kiti chake, ikatulia hewani usawa wa kabati.

Dorothea, katibu muhtasi, alikuja na kikombe cha chai, akaupima umbali kwa macho, akaenda kuazima ngazi kwa jirani.

"Kapteni, si ushuke tu unywe?"

"Nikishuka nitakuwa nimetua, dada. Na nikitua, kuna fomu ya kujaza."

Dorothea alicheka, akapanda.

Kadiri majalada yalivyoongezeka, meza ilizidi kupanda. Adhuhuri kichwa cha Munira kiligusa dari. Fundi aliitwa, akaondoa vipande viwili vya dari. Munira aliandika kila saa katika kitabu chake cha kuruka, wala hakuwa akifanya mzaha. Wiki iliyopita, akitua Songea na abiria sita, macho yake yalijifumba kwa muda wa kuhesabu hadi nne. Sheria humkataza rubani aliyeruka saa nyingi kuruka tena kabla hajapumzika, na kesho alfajiri alikuwa amepangiwa Songea tena.

Saa moja jioni mkurugenzi, Bwana Batholomeo, alisimama chini ya meza. Dorothea alimteremshia kitabu.

"Saa tisa za kuruka? Ndege haijatoka tangu asubuhi, Kapteni."

"Meza haijatua, Mkurugenzi. Tangu saa nne sijagusa sakafu."

"Ina namba ya usajili?"

"Haina."

"Na hapo ulipo, umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi umepumzika."

"Nipo mita tatu juu, mzee."

"Umepumzikia juu. Kuna upepo mzuri huko."

Alikata neno "kuruka", akaandika "mapumziko", akakirudisha kitabu ili kitiwe saini. Dorothea alishika ngazi, akitazama viatu vyake. Rubani aliyemtangulia Munira alikataa kutia saini kama hiyo, akapewa barua ya kuachishwa kazi kabla ya saa ya chakula. Munira alitia saini. Mkurugenzi akampandishia jalada la mafuta ya mwezi mzima, na meza ikapanda tena kidogo.

Alfajiri Munira aliteremka kwa ngazi bila kulala, na abiria sita wakaingia ndegeni. Mhandisi wa visima aitwaye Fredy aliketi nyuma ya rubani, akafunga mkanda, akampa picha ya bintiye aliyezaliwa Jumapili aitazame.

"Habari za kulala, Kapteni?"

Munira aliishika picha ile kwa muda, kwa sababu ilikuwa inafifia machoni mwake na kurudi.

"Njema," alijibu, kwa kuwa salamu hiyo haina jibu jingine, akawasha injini.