Upande wa Kushoto

Kitu cha kwanza nilichoona ni shingo. Kila mteja aliyemaliza kusukwa alisimama mbele ya kioo cha saluni ya Mama Solange, akageuza shingo kidogo, akaangalia upande wa kushoto wa kichwa chake. Kisha akatabasamu. Upande wa kulia hakuuangalia.

Upande wa kulia ni wangu.

Katika saluni yetu ya Mususa, mjini Butembo, kichwa kimoja kinasukwa na wasichana wawili, kwa sababu wateja wengi wanatoka sokoni na hawana nafasi ya kukaa. Mimi nilipewa kulia tangu nilipoanza kujifunza. Mariette alikuja baadaye kutoka Beni, akapewa kushoto, na shingo zote zikageukia kwake. Mistari yake ilikuwa myembamba, imenyooka. Yangu haikuwa mibaya, lakini karibu na yake ilionekana kama ya mtu mwenye haraka.

Dada yangu Katungu anauza maharagwe Lubero. "Kama mikono inakataa, acha," aliniambia kwa simu. "Huku kuko nafasi yako." Nilimwambia nitamjibu nikitoka Beni kwenye ndoa. Shule niliiacha katikati, na sikupenda kuacha tena kitu katikati. Lakini kusimama kila siku karibu na vidole vya Mariette kulinichoma.

Ndoa ilikuwa ya Anne-Marie, mteja wetu, kwao Beni, katika komini ya Ruwenzori. Mama Solange alitutuma sote wawili. Tulipofika, Anne-Marie alikaa kwenye kiti kifupi, shangazi zake wakamzunguka.

"Mimi nataka Mariette peke yake," alisema. "Kavugho, usikasirike, eh? Ni siku yangu."

"Hakuna shida," nilijibu.

"Huyu hata ukimukanyaga muguu atasema hakuna shida," akasema shangazi mmoja, Tantine Syauswa, na wote wakacheka.

Nilikaa pembeni nikitenganisha meshi, nywele za bandia za kusukia. Moyoni nilikuwa nimeshamjibu Katungu: nakuja.

Mariette alimaliza kushoto, vizuri kama kawaida. Akahamia kulia. Baada ya muda nikainua macho. Mistari ilikuwa inapinda. Alifumua, akaanza tena, ikapinda tena. Nilielewa kabla yake: hakuwahi kusuka kulia. Huko vidole vinapita kwa njia nyingine, na mkono uliozoea kuongoza lazima ufuate.

"Mais Mariette," Tantine Syauswa akasema, "kushoto ni mariée, bibi harusi kabisa, kulia ni mujane."

Hakuna aliyecheka. Anne-Marie alikuwa ameshika kioo kwa mikono miwili, akiangalia kulia tu.

Nilifurahi. Nilitenganisha meshi nyingine, polepole, ili Mariette alazimike kuniita.

"Yaya Kavugho," akasema kwa sauti ndogo, kama kwa dada yake mkubwa, "kuya unisaidie."

Nilifumua, nikasuka. Vidole vyangu vilijua njia. Mstari wangu wa mwisho ulipokutana na wake juu ya kichwa, Anne-Marie aliinua kioo, akageuza shingo huku, kisha huku. Kwenye upande wangu alikawia.

"Donc kumbe huyu ndiye fundi," Tantine Syauswa akasema. "Kavugho, mudogo wa mariée anangoya. Musuke wewe peke yako."

Msichana alikaa. Nilifika na kitana upande wa kushoto, na mkono ukasimama. Mstari wa kwanza ulipinda zaidi kuliko ule wa Mariette. Niligeuka. Mariette alikuwa ananiangalia, na hakuwa anafurahi kama nilivyofurahi mimi. Alikuja tu, akasimama kushoto, nami nikahamia kulia.

Tuliporudi Butembo nilimpigia Katungu.

"Yaya, maharagwe uuze wewe. Mimi nimejifunza nusu tu."

"Nusu gani tena?"

"Nusu ya kichwa."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Siku iliyofuata, mteja wa kwanza alipokaa, nilikwenda kusimama kushoto.

"Umekosea upande," Mariette akasema.

"Hapana. Nifundishe huku, mimi nitakufundisha kule."

"Sasa ni nini imekuingia?"

Mteja alikuwa anasikia, na Mama Solange pia. Kwa kawaida ningesema hakuna shida.

"Mikono yako ni mizuri kupita yangu, Mariette," nikasema. "Tangu siku ulifika, niko nakuonea wivu."