Mzee Sekunde na Neno Lisilofungika

Mzee Sekunde hakuwahi kufungua saa ya pili kabla ya kuifunga ya kwanza. Mteja aje na haraka zake, abembeleze, atukane, ataonyeshwa benchi. "Skrubu za saa ni kama watoto wa mtaani," alizoea kusema. "Zikishachanganyika, huwezi tena kujua nani wa nani." Kwa sheria hiyo alilisha nyumba yake, akamsomesha binti yake mpaka akavuka ng'ambo, akaolewa huko na kuzaa mtoto wa kike. Na ni sheria hiyohiyo iliyokuja kumtia kitanzi uzeeni.

Balaa lilianzia kwenye simu ya video. Mjukuu alikuwa na Kiingereza kitupu mdomoni, na babu alikuwa na jibu moja tu la kumpa: yes. Siku moja mtoto akauliza kitu kwa sauti ndogo. Babu akasogeza uso karibu na kioo, akakunja kipaji cha uso kama afanyavyo akitafuta kitu chochote kidogo, akajibu kwa moyo wote: "Yes! Yes!" Mtoto akatoka mbio akilia.

"Baba," binti akasema, "amekuuliza kama umemkasirikia."

Tangu hapo mtoto akiitwa amsalimie babu, anajificha nyuma ya sofa. Na sasa binti alikuwa ametoa habari kwamba wanakuja likizo. Mzee akaapa kwamba mtoto atakapokanyaga barazani, atamkuta babu mwenye Kiingereza cha kumtoa kinyongo.

Akapata kamusi nene kwa muuza vitabu chakavu. "Tuanze na tunalolijua," akamwambia mkewe. Alijua neno moja la kazini: seti. Saa husetiwa, nani asiyejua? Akabana jichoni kile kioo chake cheusi cha kukuzia, akalitafuta: set.

"Umelipata?" mkewe akauliza, huku akichagua mchele.

"Nimelipata. Kuseti saa, hili hapa. Halafu..." Akageuza ukurasa. Akageuza tena. "Mama yangu wee!"

"Umeona nyoka?"

"Bora angekuwa nyoka, nyoka ana mkia. Hili haliishi!"

Neno lilikuwa kama mgeni aliyebisha hodi peke yake, ukimfungulia anaingia na ukoo mzima. Jua likizama, ni hilo. Saruji ikishika, ni hilo. Kutega mtego, kuunga mfupa, kuandaa meza, kukaza kito kwenye pete, vikombe vinavyofanana, yote hilo. Ukilibandikia kaneno kengine nyuma, linavaa sura mpya: hapa linaanza safari, pale linaweka akiba, mbele kidogo linarudisha mtu nyuma.

"Hawa Waingereza," akamlalamikia Msusi, mama wa saluni aliyepakana naye barazani, "wametawala watu wote wale, wakashindwa kutafuta neno la pili?"

Msusi akacheka, vidole vimezama kichwani mwa mteja. "Mimi naseti nywele za watu kila siku na sijaumwa kichwa. Ruka, mzee wangu! Jifunze 'njoo', jifunze 'pole', jifunze 'mjukuu wangu'."

"Siruki. Sijafunga hili, nifungue lingine?"

"Lakini hiyo si saa!"

"Haya, wewe unaweza kumwacha mteja nusu kichwa ukaanza mwingine?"

"Kila siku."

"Ndiyo maana mimi niko hapa tangu asubuhi," mteja akadakia.

Mzee hakucheka. Saa za watu zililala kwenye droo, naye akaendelea kutia maji kwenye pakacha: maana alizoshika jioni, asubuhi zimevuja. Alikwenda kusimama penye ujenzi akitazama saruji ikishika, mafundi wakadhani ametumwa kuwapeleleza. Akatega mtego wa panya ili aikumbuke ile maana ya mtego, ukambana kidole. Hapo ndipo kamusi iliporushwa ukutani.

Mkewe akaiokota, akaipangusa. "Mzee mwenzangu, mtoto hatafuti kamusi. Anatafuta kujua kama unampenda."

"Na nitamwambia kwa lugha gani? Ya mbuzi?"

Siku ikafika, neno bado liko wazi. Gari likasimama, binti akashuka, na mtoto akamfuata. Alipomwona babu, akaingia nyuma ya sketi ya mama yake. Mzee akafungua mdomo. Akatafuta "njoo", hakuna. Akatafuta "pole", hakuna. Akatafuta "sijakukasirikia, roho yangu", ndiyo kabisa hakuna. Kulikuwa na jua linalozama, saruji na mtego.

"Set," akasema.

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamtazama baba yake. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mzee akageuka, akaenda kwenye meza yake, akabana kioo jichoni na kuinamia saa ya mteja iliyokuwa imefunguliwa. Machozi yakamzibia kioo. Hakuona hata skrubu.

Kidole kidogo kikatua kando ya mkono wake.

"Nini?"

"Hilo ndilo Kiswahili chake chote, baba," binti akasema kutoka mlangoni. "Njia nzima ni nini, nini. Masikio yameota sugu."

"Skrubu," babu akajibu taratibu.

"Nini?"

"Kibanio."

"Nini?" Sasa kidole kilikuwa kimepanda mpaka usoni mwake, katikati ya nyusi, juu ya ile mikunjo.

Hapo babu akaelewa. Mtoto hakuwa na swali jingine. Ni lilelile la kwenye simu. Akakitoa kile kioo jichoni, akakibandika kwenye jicho la mjukuu wake. Kikaanguka. Akakirudisha, akamwonyesha namna ya kukunja uso ili kikae. Mtoto akajikunja, akajikunja, mpaka kipaji chake kikawa kama cha fundi mzee mwenye madeni. Kioo kikashika.

Babu akaweka kidole kwenye ile mikunjo midogo. "Nini?"

Mtoto akajipapasa kipaji. Akampapasa babu cha kwake. Akaangua kicheko, kioo kikaruka chini ya meza.

Alipotoka huko nacho, akaonyesha saa nyingine iliyolala kwenye droo. "Nini?"

Mzee akaitazama ile iliyokuwa wazi mezani. Akaitazama ya kwenye droo. Akaitoa, akachokonoa mfuniko wake, akaiweka wazi pembeni ya mwenzake.

"Mzee Sekunde!" Msusi akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Mbili?"

"Suka nywele za watu, wewe!"