Kitanda cha Zamu

Haya nimehadithiwa na mke mwenzangu, Jumatatu iliyopita, tumeketi nje ya mlango wa jikoni tunachambua maharage. Namwita mke mwenzangu kwa sababu ni mke wa mjukuu wangu, na mjukuu wangu huyo ni mume wangu tangu nilipokuwa nambeba mgongoni. Kila tukikutana tunamgombania, na mimi nadai nilimwona kwanza. Lakini Jumatatu hiyo mwenzangu hakutaka mzaha. Alisema sasa anaweza kuniambia, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha. Miezi mitatu mizima alikuwa anaishi na mume huku akiamini kabisa kwamba siku yoyote mume huyo atarudi ugenini alikotoka.

Mjukuu wangu alikaa ugenini miaka sita. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala, nchi ya mbali, mpaka ghala likafungwa na kibali chake kikaisha. Akarudi kwa msaada wa ile ofisi inayowashika mkono watu wanaorejea makwao. Ofisi iliwafundisha, yeye na mwenzake mmoja aliyepanda naye ndege moja, kutengeneza makochi. Ikawatafutia chumba cha kazi, ikawapa mbao, sponji, vitambaa na cherehani. Kila mwezi alikuja dada mmoja wa ofisi na karatasi zake, kuwauliza wanaendeleaje.

Huyo mwenzake anaitwa Kimya. Aliyempa jina hilo sijui alikuwa anamtania nani, maana Kimya akianza kukueleza jambo asubuhi, saa sita inamkuta bado anakuambia siku hiyo alivaa nini.

Sasa, usiku wa kwanza wa kurudi kwake, mume wetu alilala kama watu wote. Kulipopambazuka mke wake akapapasa upande wa pili, hakuna mtu. Siyo kwamba hakuna mtu tu. Upande ule ulikuwa umetandikwa, umenyooshwa, mto umewekwa sawa, utafikiri hajawahi kulala mtu pale. Akatoka nje akamkuta mume amekaa kwenye kigoda, amevaa viatu na kufunga kamba, shuka lake amelikunja vizuri amelibana kwapani. Akamwuliza vipi. Mume akasema usingizi umekwisha.

Mke akasema moyoni, ni uchovu wa safari, utapita. Haukupita. Kesho yake hivyo hivyo, akifumba jicho kidogo anainuka usiku wa manane, na mwezi wa pili hivyo hivyo. Mchana ndiyo usiseme, kitandani hakai hata kuvua soksi. Akiambiwa ajinyooshe kidogo anasema hapana, hapa panatosha, na anasinzia kwenye kigoda shingo imelegea. Halafu mke akaja akagundua kwamba pasi yake ya kusafiria haipo tena sandukuni. Anatembea nayo, mfuko wa ndani wa koti.

Mwanamke akiona viatu, shuka lililokunjwa na pasi mfukoni, atafikiri nini? Nami ningefikiri hilo hilo. Alifikiri mumewe ameshindwa kuzoea tena nyumbani. Alifikiri huko kuna mtu. Kuna siku alifikiri ni yeye mwenyewe, labda amenenepa, labda anakoroma. Nikamwambia kukoroma anakoroma, hata mimi nikija kulala chumba cha pili nasikia. Hapo akacheka kidogo, akaendelea.

Hakumwuliza mume. Aliogopa akiuliza atajibiwa.

Kazini nako mambo yakawa yanaharibika. Mtu asiyelala hawezi kushika sindano. Siku moja alishona mkono wa shati lake pamoja na mto wa kochi la mwalimu, Kimya akamkuta amesinzia hapo, amefungwa kama mbuzi. Wakacheka siku ile. Wiki iliyofuata akakata kitambaa cha seti nzima kinyume, maua yote yakasimama kichwa chini, mwenye makochi akakataa, na hapo hakuna aliyecheka. Mume wetu akaanza kusema kwamba pengine kazi ya makochi si yake, kwamba kule angalau alikuwa anajua kinachotakiwa. Kimya ndiye aliyemletea mke maneno hayo.

Mwisho wa mwezi wa tatu dada wa ofisi akaja. Mke mwenzangu alikuwepo, amewapelekea chakula cha mchana. Dada akauliza maswali yake kama kawaida. Wateja wapo? Wapo. Cherehani inafanya kazi? Inafanya. Majirani wamekupokea vizuri? Vizuri. Kila jibu anatia alama kwenye kisanduku. Akauliza, na nyumbani je, kuko salama? Mume akasema kuko salama.

Mke mwenzangu akaweka sufuria chini. Anasema hakupanga kusema, mdomo ulijisemea.

"Halali, dada. Tangu arudi halali."

Dada akageuza karatasi yake huku na huku, hakuona pa kuandika hilo. Akafunga kalamu akauliza, halali namna gani. Basi mke akalitoa lote, mbele ya mume aliyeinamisha kichwa: upande uliotandikwa, viatu, pasi, shuka.

Kimya alikuwa pembeni anapaka gundi. Akaacha.

"Shemeji, shuka analiweka wapi?"

"Kwapani."

Kimya akakaa kwenye mbao. Mke anasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenyamaza, mpaka akaogopa kuliko alivyokuwa anaogopa. Kisha Kimya akaeleza, na kwa mara moja katika maisha yake akaeleza kwa ufupi. Kule walikuwa watu kumi na wawili, vitanda sita. Wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, kitanda kimoja. Ikifika saa yako unaamka, unatandika, unachukua shuka lako, kwa sababu shuka ndicho kitu chako peke yake, pamoja na pasi, ambayo huthubutu kuiacha chumbani. Ukichelewa kuamka, mwenzako hakuamshi. Anasimama tu hapo mlangoni na uchovu wake, anakungoja. "Hiyo ndiyo mbaya," Kimya akasema. "Bora angekupiga teke."

Mke akamgeukia mumewe, akamwuliza, kumbe hutaki kuondoka?

"Niondoke niende wapi?" akasema. "Namwona, mama watoto. Nikifumba macho tu namwona amesimama. Nalala vipi mtu amesimama?"

Akamwuliza huyo mtu ni nani. Mume hakujua jina lake. Miaka minne wamelala kitanda kimoja, hawajakaa pamoja hata dakika kumi. Huyu anaamka, yule anaingia. Alikuwa mtu wa nchi nyingine, mrefu, miguu inatokeza nje ya kitanda. Wakati wa baridi alikuwa anaharakisha kuingia kabla joto la mwenzake halijatoka kwenye godoro. Mume wetu akasema akiwa na nafasi alikuwa anaukunja mto na kuuweka pale katikati, joto likae. Hakuwahi kumwambia. Wote walimwita Namba Nne, na yeye pia aliitwa Namba Nne, kitanda kilikuwa cha nne.

Dada wa ofisi aliandika pembeni ya karatasi, nje ya visanduku vyote. Alisema kuna mtu wa kuzungumza naye, daktari wa mambo kama hayo, atamtafutia nafasi. Mume akaitikia kwa heshima. Kimya yeye alishatoa simu, kwa sababu mtu anayeongea sana ana namba za watu wote duniani. Akaanza kumtafuta Namba Nne yule mwingine, akamwuliza huyu, huyu akamwelekeza kwa yule, siku nne nzima hakushika gundi.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Kimya akaingia nyumbani bila hodi, simu imeshawekwa kwenye spika. Walikuwa wanaongea ile lugha ya kule, ya kuokoteza okoteza, na Kimya akawa anamfasiria shemeji yake.

Mtu wa upande wa pili akauliza huyo ni Namba Nne wa mchana? Mume akasema ndiye. Halafu yule akauliza:

"Na wewe unakunja shuka?"

Mume akaitikia kwa kichwa kana kwamba anaonekana. Yule akasema yeye alikunja mpaka mama yake akaficha mashuka yote ya nyumba, akalala kwa kujifunika pazia. Kimya alipofasiri hilo mke mwenzangu alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha yule mtu akasema neno ambalo, Kimya anasema, kule kila mmoja alikuwa anaota kuambiwa na mwenzake wa zamu, kwa sababu maana yake ni kwamba kitanda chote umeachiwa wewe.

"Mimi nimepata kwangu. Nina kitanda, mpaka miguu inaingia. Sisimami tena, ndugu yangu. Wewe lala."

Simu ikakatika yenyewe, salio la Kimya limekwisha.

Mume wetu akainama, akafungua kamba za viatu. Ilimchukua muda. Akatoa pasi kwenye koti akampa mke wake, bila kusema aiweke wapi. Akaingia chumbani, mchana kweupe, jua liko katikati ya chumba, akapanda kitandani, akalala katikati kabisa, siyo upande wake wala upande wa mtu.

Kimya alijifanya anaondoka, akafika kwenye mkeka wa sebuleni, akasema anapumzisha mgongo tu dakika moja. Hakuimaliza hiyo dakika.

Mke mwenzangu alikaa ukingoni mwa kitanda kumwangalia. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, hajageuka. Mdomo ulikuwa wazi kidogo kama alivyokuwa anafanya utotoni, hilo nalijua mimi, yeye nilimwambia. Alitaka kuamka akaoshe vyombo. Badala yake akaiweka pasi chini ya godoro, akamsukuma mume taratibu apate pa kuingia, akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu hakutega sikio kusikia kama mtu anainuka. Akalala na yeye.