Mlango wa Maji wa Tuda

Haya wajukuu, niwatege. Nina mdomo mpana kuliko mlango wa zizi, nimelala chini ya barabara mwaka mzima namezeshwa vumbi, na siku nikipewa maji hayakai tumboni hata tone. Mimi ni nani?

Msijikune vichwa, ni kalvati. Na hii ya leo ni ya Tuda, mhandisi wa mgodi wa shaba kule milimani, kusini mwa Moroko.

Alipoleta mchoro wake, meneja, Si Lahsen (kwao "Si" ni kama Bwana), alicheka hadi chai ya nanaa ikampalia.

"Binti, korongo hili halijaona maji miaka sita. Weka mabomba matatu tumalize. Unamjengea nani mlango huu, ngamia?"

"Maji hayaji peke yake, Si Lahsen. Yanakuja na miti na mawe. Mabomba yakizibwa, tuta la barabara linakuwa bwawa, kisha linabomokea nyumba za wachimbaji pale chini."

"Na nani kakuambia yatafika juu hivyo? Kumbukumbu za mvua zinasema nusu yake."

Aliyemwambia Tuda ni Lalla Ijja, mchunga mbuzi, mama mzazi wa huyo huyo Si Lahsen. Alimpandisha mwambani, akamwonyesha vijiti vikavu vilivyoachwa na mafuriko ya zamani kwenye nyufa, juu kuliko kichwa cha mtu. Kisha akamwapisha: "Usinitaje mpaka maji yapite. Mwanangu anasema mimi naona mafuriko hata kwenye glasi ya chai. Akisikia ni mimi, hajengi."

"Nitakuambia siku yakipita," Tuda akamjibu meneja. "Yakinishinda, nafungasha virago."

Si Lahsen akatia saini akinung'unika.

Msimu wa pili, mchana wa jua kali, bila wingu, mlima ukanguruma. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Wachimbaji wakatoka majumbani mbio, wakapanda mwinuko alikosimama Tuda. Maji yakaja mekundu, yakiviringisha mawe kama mipira, na mbele yake mlozi mzima na mizizi yake. Ukajipachika mdomoni mwa kalvati, pu! Maji yakaanza kupanda. Shubiri nne kufika dari. Tatu.

"Mhandisi," akasema mchimbaji mmoja, "ukitaka kukimbia, utuambie mapema."

"Bado," Tuda akasema, kucha zimemwingia viganjani. Shubiri mbili.

Mlozi ukajigeuza polepole, kama bibi anayetafuta ubavu wa kulalia, ukaelekeza mizizi mbele na kupenya hadi ng'ambo. Maji yakaufuata kwa kishindo, yakashuka korongoni, yakaziacha nyumba kavu. Watu wakapiga vigelegele, wakamnyanyua Tuda juujuu.

Si Lahsen akaja, viatu vimejaa matope, uso umelainika.

"Yamepita. Haya, nani alikuambia?"

Tuda akashushwa chini, akamtazama machoni.

"Mama yako."